Hamira Iliyochezwa Unyago

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kazi mbili pale Newala, na zote mbili alizifanya kwa ukali. Ya kwanza ilikuwa kukaanga vitumbua sokoni. Ya pili ilikuwa ukungwi: ndiye aliyewacheza wasichana unyago, na nusu ya wanawake wa mtaa wetu walipita mikononi mwake. Nimewahi kumwona mama mtu mzima, ana wajukuu, anamwona Bibi kwa mbali tu, anajifunga khanga upya na kuanza kutembea vizuri. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na siku za hasira aliniita mke mwenzangu mchawi. Nilimpenda mno. Nalisema hili mapema, maana huko mbele nitamsema, na sitaki mtu anielewe vibaya.

Kwanza niieleze ndoo yake. Wapishi wengine wa vitumbua huloweka mchele, huusaga, hutia hamira, hungoja uumuke, hukaanga mpaka uishe, kisha huosha chombo na kesho huanza upya. Bibi hakuanza upya. Ndoo yake ilikuwa na uji wa mchele uliochachuka tangu sijui lini, na kila alipochota upawa mmoja wa kukaanga alimimina upawa mmoja wa uji mpya wenye sukari kidogo, akakoroga taratibu, akafunika. "Ukichota, mimina," ndiyo ilikuwa sheria. Tangu asubuhi mpaka alasiri vitumbua vinatoka, uji unaingia, na ndoo iko palepale, haijai wala haipungui. Jioni alibakisha kiasi, akakilisha, akakilaza karibu na jiko. Mteja aliyekuja na haraka zake aliambiwa aende kwa muuza maandazi, kwa sababu ukichota upesi kuliko hamira inavyozaana, utabaki unakaanga maji matamu. Watu walidhani ni ufundi wa kurithi. Wapi! Sababu yenyewe ilikuwa maji. Newala maji ni ya taabu, mtu haoshi ndoo kwa raha zake.

Basi nikiwa chuoni Dar es Salaam, nasomea kazi za maabara, mwalimu wetu mmoja akachora ubaoni pipa kubwa. Juu bomba linaingiza uji wa sukari, kidogo kidogo, bila kukoma. Chini bomba jingine linatoa kiasi kilekile. Katikati hamira inakula, inazaana, inafanya kazi, wiki kwa wiki, bila pipa kusimamishwa. Mimi nikacheka, tena kwa sauti. Mwalimu akauliza kuna nini cha kuchekesha. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni ndoo ya bibi yangu." Darasa zima likaangua kicheko, ila yeye hakucheka. Alisema kama ni hivyo basi bibi yako angeajiriwa ughaibuni, maana huko viwanda vinatumia hamira ya namna hiyo kutengenezea dawa, na mojawapo ya dawa hizo ni insulini.

Hapo nikaacha kucheka, nikaandika kila alichosema. Mama yangu alikuwa anaishi kwa insulini.

Mama alipata kisukari akiwa bado msichana mbichi, kile cha sindano, si kile cha vidonge. Bila sindano yake alikuwa hana wiki. Nikiwa nyumbani nilimchoma mimi, na nisipokuwepo alichomwa na nesi mstaafu jirani yetu, maana yeye mwenyewe alikuwa akiiona sindano tu anageuza uso ukutani kama mtoto. Dawa ilikuwa ya ng'ombe, imetolewa kwenye kongosho la mnyama. Hilo Bibi alilihakikisha mwenyewe. Alimfuata daktari hospitalini akamuuliza kama ni ng'ombe au ni yule mnyama mwingine, akamuuliza tena, akarudi kesho akamuuliza tena, mpaka maskini ya Mungu yule akaapa: "Ng'ombe, Bibi. Wallahi." Na daktari mwenyewe alikuwa Mkristo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa, na Masasi ikafunguka kama mlango uliopigwa teke. Mitumba ikamwagwa barabarani, redio zikalia kila kibaraza, wanunuzi wa korosho wasiojulikana walikotoka wakaja na magari yao wenyewe. Na maduka ya dawa ya watu binafsi yakaota. Insulini ya ng'ombe nayo ikaanza kuadimika hospitalini, halafu siku moja tukaambiwa haiji tena. Nendeni Masasi, wakasema, kuna duka jipya lina friji na lina dawa mpya.

Nilikuwa likizo. Tukapanda pikapu wote watatu, Bibi mbele karibu na dereva kwa heshima yake, mimi na Mama nyuma, mimi nimepakata chupa ya chai iliyotiwa barafu kwa ajili ya kubebea dawa tukirudi. Kijana wa duka alikuwa na koti jeupe na adabu zake. Akaamkia, "Shikamoo Bibi, shikamoo Mama," akaitikiwa marahaba. Bibi akamuuliza kwao wapi, akasema Chiwata, Bibi akaridhika. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Kijana akafungua friji, akatoa kichupa, akakishika kama anayetoa zawadi. "Mama, una bahati sana," akasema. "Hii ya sasa si ya ng'ombe tena. Hii ni insulini ya binadamu. Safi kabisa!"

Bibi akasema, "Ya nani?"

"Ya binadamu, Bibi. Ya mtu. Kama ile iliyomo mwilini mwako wewe."

Ewe mola wangu. Nilitamani ardhi ipasuke immeze yule kijana na koti lake. Kwetu hakuna mtoto aliyekua bila kutishwa na mumiani: watu wanaovizia wenzao, wanawakamua damu na kuitengeneza dawa. Na miaka ile, kwa magari yale ya wageni, maneno ya mumiani yalikuwa yamefufuka upya. Bibi alimtazama kijana, akatazama friji inavyounguruma, akatazama gari jeupe lililoegeshwa nje.

"Mtu gani?" akauliza.

"Si mtu fulani, Bibi, ni ya binadamu kwa ujumla..."

"Hakuna mtu wa kwa ujumla. Kila mtu ana jina, ana mama yake. Nani huyo aliyekamuliwa?"

Kijana akaanza kutokwa na jasho. Akasema ni teknolojia. Bibi akamwambia, "Chiwata ni watu wazuri, wewe kakuharibu nani?" Akamshika Mama mkono, akatoka naye. Mama hakubisha. Mimi nikasingizia nimesahau kitambaa changu, nikarudi ndani mbio, nikalipa, nikakichukua kile kichupa, nikakizamisha kwenye barafu ndani ya chupa ya chai. Njia nzima Bibi alikuwa akimwelezea dereva alivyomwokoa mwanawe kwa mumiani, na mwanawe aliyeokolewa alikuwa amekaa nyuma karibu yangu, akiangalia mikorosho inavyopita.

Tulipofika nyumbani nikamwambia Mama ninacho. Nikadhani atafurahi. Akasema, "Mwanangu, sichomwi kitu kwa kumficha mama yangu."

"Mama, hii ndiyo iliyopo. Ng'ombe wamekwisha!"

"Najua." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na kama kweli ni mtu?"

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilitaka kupiga kelele. Lakini unampigiaje kelele mama yako anayeogopa? Nikatafuta kimtungi kidogo, nikakijaza mchanga, nikaulowesha maji, nikakifukia kile kichupa humo ili kikae baridi, nikakisukuma uvunguni mwa kitanda changu.

Bado kulikuwa na insulini ya ng'ombe kidogo kwenye kichupa cha zamani. Tukawa tunamchoma kwa kubania, na kubania sindano ni kujidanganya. Ikaisha. Mama akaanza kiu.

Asiyeijua kiu ya kisukari asiombe kuijua, na hasa asiombe kuijua Newala, ambako dumu la maji linapanda kilima kichwani mwa mtu. Mama alikunywa akiwa amesimama, akanywa amekaa, akanywa amelala. Akaenda chooni, akarudi, akanywa. Majirani wakaanza kutuletea maji bila kuombwa, kila mmoja na kopo lake, na mimi nikawa naona aibu kuwatazama usoni. Mashavu yake yakabonyea. Pumzi yake ikawa na harufu ya tunda lililooza. Bibi akamleta shehe akasoma, akachemsha majani anayoyajua yeye, akamlisha mtama na kumnyima sukari. Alihangaika, lazima niseme ukweli. Aliacha hata kwenda sokoni, ndoo ikawa inakula uji bila kuchotwa mpaka ikamwagika. Lakini kila nilipotaja ile dawa aligeuka akawa jiwe.

Na katikati ya mahangaiko yote hayo alikuwa anahesabu maji, maana ndiye mwenye nyumba, na maji yalikuwa yanapotea kikopo kimoja kila asubuhi pasipo maelezo. Kikopo hicho nilikuwa nikilowesha mchanga. Mchana mmoja akaingia chumbani kwangu, akaona sakafu ya udongo imelowa pembeni mwa kitanda.

"Mke mwenzangu," akaniita. "Umepanda mchicha uvunguni?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshapiga magoti na kukivuta kimtungi nje. Akachimbua mchanga kwa vidole, akatoa kichupa. Hakupiga kelele. Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Umemleta mtu ndani ya nyumba yangu," akasema.

Halafu ndipo zikaja kelele, kwa Chimakonde, maana hasira ya Bibi haikuwahi kuenea kwenye Kiswahili. Akatoka na kichupa mkononi, akiwa anaelekea jalalani, nami nikamkimbilia, tukafikia chumba cha Mama pamoja, mimi nimeshika mkono wake, yeye ananiburuta, mzee yule ana nguvu kama punda. Mama alikuwa amelala mkekani na kata ya maji pembeni.

"Bibi, humo hamna mtu!" nikapiga kelele. "Ni hamira! Hamira, Bibi! Hiihii ya vitumbua vyako!"

Bibi akasimama. "Hamira?"

"Hamira!"

"Unataka kumchoma mwanangu hamira? Aumuke?"

Mama akacheka. Alikuwa hana nguvu hata za kugeuka, lakini alicheka, kicheko chembamba kikavu, mpaka akakohoa. Tangu turudi Masasi nilikuwa sijamsikia akicheka. Bibi alipokisikia kicheko kile akaketi chini karibu naye, kichupa bado kimo kiganjani. Akasema, "Haya. Sema. Lakini sema taratibu, usinipigie kelele kama mnadi samaki."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kuwa nilikuwa nalia na nina hasira, na maneno ya chuo yote yalikuwa ya kigeni mdomoni. Nikamweleza pipa: linaingiziwa uji wa sukari juu, linatolewa chini, haliishi, halioshwi. Hapo hakuwa na shida. "Wameniiga," akasema. Nikamwambia hamira iliyomo ndiyo inayotengeneza dawa, inaitema kwenye yale maji, maji yanachujwa, yanasafishwa, hamira inabaki hukohuko, haiingii kwenye kichupa. Kwa hiyo hataumuka.

"Basi kwa nini yule mtoto wa Chiwata kasema ni ya mtu?"

"Kwa sababu ni ileile ambayo mwili wa mtu unaitengeneza. Hamira ilikuwa haijui kuitengeneza. Wataalamu wameifundisha."

"Hamira haina masikio. Kisicho na masikio kinafundishwaje?"

Uvumilivu ukanitoka. "Mbona wewe, Bibi, unawafundisha wasichana ambao masikio yao ni pambo tu?"

Nilijua nimevuka mpaka. Mambo ya unyago hayasemwi hivyo, tena mbele ya kungwi mwenyewe. Nikangoja kofi. Badala yake Mama akasema kutoka mkekani, "Mimi mmojawapo."

Bibi akabana midomo. Mabega yakamcheza. "Wewe ulikuwa wa kwanza," akamwambia, na akashindwa, akacheka, akijifuta macho na pindo la khanga.

Mama akaweka mkono wake juu ya goti la Bibi. Alikuwa akisema maneno machache na kupumzika, machache na kupumzika. "Mama. Ulipotucheza sisi, wewe ulipungukiwa na nini?"

"Nipungukiwe na nini?"

"Damu yako. Nyama yako."

"Usingizi tu. Mafunzo hayampunguzi anayeyatoa."

"Basi na huyo mtu wao hakupungukiwa. Hawakumkamua. Wamechukua somo lake tu, wakampa hamira."

Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kumvunja. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Bibi alikigeuza kile kichupa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona kwamba sasa anakitazama kwa jicho jingine. Lilikuwa jicho la kazini, analowatazamia wasichana wapya wanapoletwa na mama zao.

"Hamira imechezwa unyago," akasema polepole.

"Ndiyo, Bibi!"

"Sikukuuliza wewe." Akafikiri. "Na ikisahau? Maana wapo wanaosahau. Unamfundisha mtu, anatoka hapa anajua kila kitu, anaishi Dar mwaka mmoja, anarudi hajui hata kuamkia."

Jiwe hilo lilinilenga mimi, nikalipokea. Lakini swali lenyewe lilikuwa ndilo hasa, na jibu lake nilikuwa nalo, maana mwalimu wetu alilipenda sana somo hilo. Nikamwambia ni kweli, inasahau. Pipa likienda muda mrefu hivyo, linachotwa na kumiminiwa, zipo chembe za hamira zinazoliacha somo. Na zikiliacha zinazaana upesi kuliko zile zinazokumbuka, kwa sababu hazina tena kazi ya kufanya ila kula na kuzaa. Ukizembea, pipa zima linajaa wasahaulifu na dawa haitoki.

"Eee," Bibi akasema kwa uchungu wa mtu anayewajua. "Sasa wanafanyaje?"

"Wametafuta hamira yenye kasoro, isiyoweza kula sukari. Halafu dawa ya kasoro hiyo wameifunga pamoja na somo, furushi moja. Ikilishika somo, inakula. Ikilitupa, imetupa na meno yake. Inakufa njaa."

Bibi alipiga makofi. Nawaapia, alipiga makofi kama yuko ngomani. "Asiyeshika somo asile! Ndivyo inavyotakiwa! Hao watu wana kungwi wao huko, asikudanganye mtu, huyo ni mwanamke mtu mzima kabisa!"

Kisha furaha ikamtoka usoni ghafla. Akamtazama Mama, ambaye alikuwa ameshika kata ya maji bila nguvu za kuinyanyua. Akasema nami kwa Kiswahili, kwa utulivu, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla wala baada ya hapo. "Wengine wote nimewazika. Nimebaki na huyu. Ukinidanganya, mjukuu wangu, unaniua na mimi."

Hakusema mke mwenzangu. Utani ulikuwa umekwisha. Nikaogopa, kwa sababu mimi niliyajua hayo ya ubaoni tu, sikuwahi kuliona pipa lenyewe wala hiyo hamira. Nilimwamini mwalimu, na sasa Bibi alikuwa ananiamini mimi.

"Sikudanganyi, Bibi."

"Lete sindano. Namchoma mwenyewe."

Nikavuta dawa, kiasi kilekile cha siku zote, nikatoa hewa, nikamwonyesha Bibi pa kushika na namna ya kufinya ngozi ya paja. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Mama akageuza uso ukutani kama kawaida yake. Bibi akasema Bismillahi, akachoma, akasukuma mpaka mwisho, akachomoa, akapasugua kwa kidole gumba. Akamuuliza, "Umeumia?" Mama akasema hapana. Bibi akamwambia, "Muongo," akaanza kulia.

Jioni ileile tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani, wakamtundikia maji ya dripu, Bibi akakaa chini ya kitanda cha wodi akikataa kuondolewa. Kiu ikapungua, ikapungua tena, na asubuhi moja Mama akasema hataki uji wa hospitali, anataka ugali wa muhogo na kisamvu. Muuguzi akasema asile sana. Bibi akamwambia muuguzi akalee wa kwake.

Tangu hapo sindano ilikuwa ya Bibi. Nesi jirani alijaribu kurudia zamu yake akafukuzwa kwa upole. Kile kichupa Bibi alikipa jina, Mwali, kama msichana aliye unyagoni, na kimtungi chake kikahamishwa kutoka uvunguni kwangu mpaka chumbani kwake, mahali pa heshima, na kikopo cha maji ya kulowesha mchanga kilitengwa kabla ya maji ya mtu yeyote. "Mwali kaoga?" ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi. Wageni walikuwa wakishangaa, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na mwali wa kuogeshwa.

Masasi nako Bibi alirudi. Alimpelekea kijana wa duka vitumbua, akamkabidhi, akamwambia, "Mwanangu, dawa yako nzuri, mdomo wako ndio mbaya. Siku nyingine usimwambie mtu ni ya binadamu. Sema imefundishwa." Sijui kama kijana alielewa. Lakini vitumbua alivila palepale, na kila tulipokwenda alikuwa akituchagulia kichupa cha nyuma kabisa kwenye friji, chenye baridi zaidi.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi nikamaliza chuo, nikapata kazi Masasi, nikawa narudi Newala kila nilipopata gari. Kila niliporudi niliwakuta asubuhi kwenye ukumbi, Mama amegeukia ukutani, Bibi amekaza macho, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, wanagombana. Mama anasema leo umechoma pabaya. Bibi anasema wewe ulizaliwa unalalamika. Nikisema niwasaidie, wote wawili wananigeukia mimi. Sasa hivi ningetoa chochote nigombezwe na wale wawili kwa pamoja, hata kwa dakika moja.

Alikufa msimu wa korosho, kwa uzee tu, amelala. Mama ndiye aliyekwenda kumwamsha. Niliitwa kutoka Masasi, nikafika jua limeshapanda, nyumba imejaa. Wanawake aliowacheza walikuwa wamekuja wote, wengine wazee kumkaribia yeye, wamekaa ukumbini mpaka uani, na kilio chao nilikisikia kutoka barabarani. Nikamtafuta Mama katikati yao nikamkosa.

Nilimkuta chumbani kwa Bibi, ameketi mkekani, peke yake, macho makavu. Mbele yake ameweka kimtungi, kichupa na bomba la sindano. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumchoma, na muda wa sindano ulikuwa umepita. Nikaanza kumwambia pole, nikapiga magoti, nikalia kichwa changu kikiwa mapajani mwake kama mtoto mdogo. Aliniacha nilie kidogo. Kisha akaniinua uso kwa mikono yake miwili.

"Nichome, mwanangu," akasema. "Nataka nimlilie mama yangu nikiwa na nguvu."

Nikavuta dawa. Akafunua paja mwenyewe. Safari hii hakugeukia ukutani. Nikamchoma. Akanywa uji wake, akaumaliza wote, akajifunga khanga, akatoka ukumbini kwenda kulia.